Moyo Uliobaki Mkuyuni

Mhadhara kwa walimu wa madarasa ya awali na madarasa ya chini

Walimu wenzangu, mwaka wangu wa tatu kazini nilisahihishwa na mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa nasimulia kisa cha kima na papa, nimefika pale kima anapopanda mgongoni mwa papa ili apelekwe ugenini, mkono ukanyanyuka nyuma ya darasa. "Mwalimu, ngozi ya papa inakwaruza. Kima kakalia nini?" Baba yake alikuwa mvuvi, naye alikwisha kumshika papa kwa mikono yake. Mimi papa nilimjua wa mchuzi tu. Nikamwambia anyamaze, tutachelewa kufika kwenye funzo. Tukafika. Nikaliandika ubaoni: Tusiwaamini marafiki wabaya. Wakanakili, kengele ikalia, wakatoka mbio.

Sidhani kama yupo hata mmoja aliyebaki na ile sentensi. Lile swali mimi ninalo mpaka leo. Ndilo lililokuwa somo la siku ile, nami nililiziba mdomo.

Kisa mnakijua, ila kila mmoja alikisikia kwa msimuliaji wake, kwa hiyo nikipitie upesi. Kima ana mkuyu mkubwa ulioota ukingoni mwa bahari, nusu ya matawi yake iko nchi kavu, nusu imeinamia maji. Kila asubuhi anakula kuyu, na kila asubuhi papa anakuja chini ya tawi kuomba arushiwe. Anarushiwa. Miezi inapita. Siku moja papa anamwalika rafiki yake kwao, akamlipe fadhila. Kima hajui kuogelea, papa anampa mgongo. Wakifika katikati, papa anaona heri aseme kweli: sultani wetu ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ananyamaza kidogo, kisha anamlaumu mwenzake. Mbona hukuniambia tulipokuwa pwani? Sisi kima tukisafiri mioyo tunaiacha mtini. Turudi nikautwae. Papa anageuka. Kima akishashika tawi, hashuki tena. Papa anaita, anaita, na kima anamuuliza kama anamdhania kuwa yeye ni punda wa dobi. Papa, maskini, hamjui punda wa dobi. Basi anasimuliwa.

Dobi alikuwa na punda wake, punda akatoroka, akaingia mwituni, akala majani akanenepa. Simba katoka kuugua, hana nguvu za kuwinda. Sungura akajitolea kumletea nyama. Akamwendea punda akamdanganya kwa habari za kuposwa, punda akajipeleka, simba akamrukia, punda akamtandika mateke akakimbia. Sungura akamfuata tena. Na punda akarudi! Mara ya pili hakutoka. Simba akamwachia sungura amgawie nyama, sungura akaula moyo na masikio. Simba alipoviulizia, sungura akajibu kwamba huyu punda hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Hapo kisa kinakwisha. Papa bado yuko chini ya mkuyu, mdomo wazi.

Kisa hiki kilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1870, katika kitabu cha Edward Steere kiitwacho Swahili Tales, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa unaokabili. Steere alikuwa padri wa misheni aliyefika Unguja mwaka 1864, baadaye akawa askofu. Alizikusanya hadithi zile kwa wenyeji wa Unguja siku za Sultani Majid. Lakini kima alikuwa na umri mkubwa kabla ya kufika kwetu. Yumo katika Panchatantra ya Wahindi, na ndugu zake wamo katika hadithi za Jataka za Wabudha. Katika karne ya 6, Borzuya, tabibu wa mfalme Khosrau Anushirvan wa Uajemi, alikipeleka kitabu cha Kihindi katika lugha ya Kipahlavi. Karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu, kikaitwa Kalila wa Dimna, na kwa jina hilo kikazunguka nusu ya dunia.

Nawaomba tuiangalie safari hii kwa jicho la mwalimu, si la mwanahistoria. Kule India aliye majini ni mamba. Kwa Waarabu ni kasa. Kwetu amekuwa papa. Mti wa kule India ulikuwa mjambu, jamii moja na huu mzambarau wetu, Waarabu wakaweka mtini, sisi tukaweka mkuyu, ambao nao ni jamaa wa mtini. Na mgonjwa? Kule India na katika Kalila wa Dimna, mwenye kutaka moyo ni mke. Mke wa mamba anautamani, mke wa kasa anajifanya mgonjwa kwa sababu mumewe amezidi kukaa kwa rafiki. Ni mambo ya wivu wa nyumbani. Unguja, chini ya sultani, msimuliaji alimwondoa mke akamweka sultani. Papa wetu hasukumwi na mke, ametumwa na serikali. Sijui kama aliyebadilisha alikusudia, lakini mabadiliko hayo yamekifanya kisa kuwa kingine kabisa, na mtoto yeyote anayejua maana ya kutumwa na mkubwa anamwelewa papa mara moja.

Nayataja haya kwa sababu kuna walimu wanaogopa kugusa hadithi ya kitabuni, kana kwamba ni muhtasari wa mitihani. Mwalimu aliyeko Kyela au Ukerewe, ambako watoto hawajaona papa, lakini mamba wanamjua kwa hofu, amweke mamba. Hataharibu kitu. Atakuwa amekirudisha kisa kwao. Nilichokataa siku zote ni kumwondoa punda. Wapo wanaofupisha hadithi, wanaishia pale kima anaposhika tawi, wanaona sehemu ya punda ni nyongeza, inakula dakika. Kwangu mimi ndiyo kiini, na nitaeleza kwa nini.

Tazameni kima anavyofanya. Yuko juu ya tawi, amepona. Chini yuko mtu aliyetaka kumuua, na huyo mtu hajaelewa hata sasa. Kima angeweza kumhutubia: ewe papa, usaliti ni mbaya, urafiki ni amana. Hakufanya hivyo. Alimsimulia hadithi ya punda. Papa alipouliza, alijibiwa kwa hadithi nyingine. Waliotunga kisa hiki waliweka ndani yake namna ya kukifundisha, nasi tumekuja na chaki tukaandika chini yake sentensi moja iliyopigiwa mstari.

Najua mtaniambia swali la funzo liko kwenye vitabu na kwenye karatasi za mtihani. Liko. Hata zile hadithi za Esopo, mafunzo yanayoning'inia mwishoni mwake yaliongezwa na waandishi waliozikusanya, kwa hiyo ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Lakini jaribuni kulijibu kwa kisa hiki. Tusidanganye? Kima amedanganya, ndipo akapona. Sungura amedanganya, na ameondoka ameshiba. Aliyesema kweli ni papa, akapoteza kila kitu. Tutende wema? Kima alitenda wema miezi mizima, na wema ule ndio uliomleta papa chini ya mti. Mwalimu anayetaka jibu moja atalazimika kukipindisha kisa mpaka kikubali, na watoto wanamwona anavyokipindisha.

Jean-Jacques Rousseau aliliona tatizo hili. Katika kitabu chake Emile cha mwaka 1762 alikichambua kisa cha La Fontaine cha kunguru na mbweha, kile cha jibini, mstari kwa mstari, akasema watoto wasifundishwe visa vya wanyama. Hoja yake ni kwamba wewe unataka wajifunze kutokuwa wajinga kama kunguru, wao wanataka kuwa mbweha. Aliwajua watoto. Waulizeni wa darasa la kwanza nani anataka kuwa punda. Hata mmoja! Wote sungura. Lakini dawa aliyoitoa siikubali. Mtoto wa miaka saba hakujifunza hila hadithini. Amejifunzia nyumbani, kwenye foleni ya bomba, kwenye mchezo wa gololi. Hadithi inampa mahali pa kuitazama hila akiwa amekaa salama, kuona nani anaitumia dhidi ya nani. Hila ya kima na hila ya sungura hazifanani, na watoto wanaligundua hilo wenyewe wakiachiwa nafasi. Mmoja anadanganya asiliwe, mwingine anadanganya ale.

Na wazee wetu hawakuficha jambo hili. Ukisema "Hadithi, hadithi!" watoto wanajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo unakaribishwa mlangoni kwa jina lake, kila mtu akiwa macho. Tumwambie nini mtoto aliyeukaribisha uongo kwa sauti kubwa, kisha dakika ishirini baadaye tumwandikie kuwa kusema uongo ni vibaya?

Sasa darasani. Sitawapa hatua moja mpaka kumi, maana darasa la watoto thelathini si darasa la watoto tisini, na wengi wenu mnafundisha la tisini.

Simulia kwa mdomo kwanza, kitabu kikiwa kimefungwa. Sehemu ya mkuyu ina asubuhi nyingi zinazofanana, na kufanana huko ni hazina kwa mtoto anayeanza kusoma. Kila asubuhi papa anaomba, kila asubuhi kuyu linaanguka majini, chubwi! Katika Kalila wa Dimna kuna jambo zuri hapo: nyani mzee hakuwa akimrushia kasa kwa wema. Alipenda tu kusikia mlio wa tini zikianguka majini, naye kasa akadhani anakirimiwa. Waachieni watoto mlio ule. Asubuhi ya kwanza useme wewe, ya pili wataudaka, ya tatu huna haja ya kufungua mdomo. Siku ya kusoma, sentensi ile ile ikiwa ubaoni, watasoma kitu ambacho masikio yao yanakijua tayari, na hata yule anayehangaika na silabi za "chw" na "bw" atakuwa na pa kushika.

Kisha ukifika katikati ya bahari, nyamaza. Papa amekwisha kusema neno la moyo. Kima yuko mgongoni, maji pande zote. Usiendelee. Uliza, "Afanye nini?" na ukae kimya, hata kama ukimya unakuumiza. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote niliyojifunza katika ualimu, kukaa kimya mbele ya watoto. Nimesikia majibu mengi katika miaka yangu darasani. Aruke. Ampige papa jichoni. Aombe dua. Ampigie simu mama yake, na mwenzake akamjibu kwamba baharini hakuna mtandao. Amwambie papa yeye si kima, ni mtu mwenye mkia. Kila jibu lipime pamoja nao: akiruka, anajua kuogelea? Mwanzo tulisemaje? Hapo watoto wanarudi wenyewe kwenye maneno ya hadithi kutafuta ushahidi, jambo ambalo tukilifundisha kwa jina la ufahamu, wanasinzia.

Mkiweza, kengele ilie hapo hapo. Waende nyumbani na kima yuko baharini. Kesho yake hutahitaji kuita mahudhurio kwa sauti kubwa.

Siku ya pili ni ya moyo. Kiswahili kimetupa neno lenye utajiri. Moyo ni kile kinachodunda kifuani, na watoto waweke mikono wausikie. Moyo pia ni ujasiri, ndiyo maana tunapeana moyo, na ni mahali pa kuwazia, ndiyo maana tunasema moyoni kabla hatujasema mdomoni. Nasi kila siku tunawaambia, "Someni kimoyomoyo." Nilipowauliza darasa moja kima anawezaje kuacha moyo mtini na kuendelea kuishi, wengi walicheka wakasema haiwezekani, papa mjinga. Lakini binti mmoja alisema inawezekana, kwa sababu yeye akija shule moyo wake unabaki kwa mdogo wake anayeumwa. Darasa likanyamaza. Hakuna kitabu cha mwalimu kilichoniandaa kwa jibu lile, na sikuongeza neno.

Ndipo punda anapokuja kwa uzito wake. Watakupinga: punda hana masikio? Ndiye mwenye masikio makubwa kuliko wote! Waache wapinge, wachore masikio ya punda marefu wanavyotaka. Kisha uliza alisikia nini mara ya kwanza, na alikumbuka nini mara ya pili. Maneno "hana moyo wala masikio" yatajifungua yenyewe. Neno dobi nalo lieleze, lakini usilichimbe. Watoto wa mjini wanamjua dobi na pasi yake ya mkaa, wanachoshangaa ni kwamba zamani nguo zilibebwa na punda. Hata Wahindi na Waarabu, punda wao katika kisa hiki alikuwa wa mfua nguo. Mamba amekuwa kasa, kasa amekuwa papa, lakini dobi hajaacha kazi yake.

Kuigiza kunafaa kuliko kuandika, kwa umri huu. Benchi ni papa, dawati ni mkuyu, watoto wote waliokosa nafasi ni bahari, na bahari inavuma. Mwalimu wa darasa kubwa asiogope kelele, bahari ndivyo ilivyo. Mwisho kila mtoto aandike sentensi moja tu, ya mnyama yeyote, anamwambia mnyama mwingine nini.

Kwa wale wa chini kabisa, ambao kima na papa ni kisa kirefu kwao, Steere ana kingine kinachotuhusu sisi kwa uchungu zaidi, kisa cha Mwalimu Goso. Goso alifundisha watoto kusoma chini ya mbuyu, buyu likamwangukia, akafa. Wanafunzi wakaenda kumtafuta muuaji. Wakamshika kusi, upepo uliolitikisa, naye akajitetea kwamba yeye huzuiwa na kiambaza. Kiambaza kikamsingizia panya, panya akamtaja paka, paka akataja kamba, hivyo hivyo mpaka kwa paa aliyekosa neno la kujibu. Ni mnyororo, na watoto wadogo wanapenda mnyororo. Mimi nakipenda kwa sababu nyingine: ndicho kisa pekee ninachokijua ambamo wanafunzi wanagoma kukubali kwamba mwalimu wao alikufa kwa bahati mbaya.

Nirudi kwa kima, kuna jambo nililoliacha kwa makusudi mpaka sasa. Tunawafundisha watoto wasiongozane na wageni. Ni vema. Lakini papa hakuwa mgeni. Alikuwa anakuja kila asubuhi, alikula cha kima, alikuwa na adabu, na mwaliko wake ulikuwa wa shukrani. Sisi tulio darasani miaka mingi tunajua kwamba watoto wanaodhuriwa, mara nyingi hudhuriwa na wanaowajua, nao hukaa kimya kwa sababu walikwenda kwa miguu yao, walipanda mgongoni wenyewe. Kisa hiki hakimlaumu kima kwa kupanda. Someni tena, hakuna neno la kumlaumu. Kinachosimuliwa ni namna alivyorudi. Na kinampa ruhusa ambayo sisi wakubwa hatumpi mtoto kwa urahisi: mkubwa akitaka moyo wako, unaweza kumdanganya, ukarudi mtini, ukashika tawi, na usishuke tena hata akikuita kwa upole. Sijawahi kuliandika hilo ubaoni. Nimelisimulia tu, kisha nikakaa darasani wakati wa mapumziko mlango ukiwa wazi, na mara mbili katika maisha yangu ya kazi mtoto alibaki nyuma.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzetu wanaosema kisa hiki kinafundisha uongo, kiondolewe. Wala na wanaokihifadhi kama kikombe cha kale, kioneshwe siku ya utamaduni na kurudishwa kabatini.

Yule mtoto wa mvuvi sikupata kumjibu. Lakini miaka kadhaa baadaye, katika shule nyingine, nilipomaliza kisa bila kuandika kitu ubaoni, mtoto mmoja aliniuliza kama sultani wa papa alipona. Nikamwambia hadithi haikusema. Akaondoka hakuridhika. Asubuhi yake alinisubiri getini, begi mgongoni.

"Mwalimu, nimejua. Papa alirudi akamwambia sultani kwamba moyo umebaki mtini."

"Sultani akasemaje?"

"Akasema, basi leteni mti."